Wazee 31 wa Aulnay



Katika Kitabu cha Ufunuo, sura ya 4, Yohane anaonyeshwa mbingu wazi, na kukizunguka kiti cha enzi anaona wazee 24 walioketi, wamevaa mavazi meupe na taji za dhahabu vichwani mwao. Hesabu hiyo tumefundishwa tangu katekisimu: 12 kwa ajili ya makabila ya Israeli, 12 kwa ajili ya mitume wa Bwana. Sasa, magharibi ya Ufaransa, katika nchi ya kale iitwayo Saintonge, kuna kijiji kiitwacho Aulnay, na pembeni mwa kijiji hicho, katikati ya makaburi, limesimama kanisa la Mtakatifu Petro lililojengwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 12. Juu ya mlango wake wa kusini wazee hao wamechongwa katika jiwe, kila mmoja na taji lake, chombo chake cha muziki na kichupa chake cha manukato. Ukiwahesabu polepole, ukifuata tao toka kushoto hadi kulia, hupati 24. Unapata 31.

Mtu wa haraka atasema kwamba mchongaji hakujua Maandiko. Lakini kanisa hilo lilikuwa chini ya wakanoni wa kanisa kuu la Poitiers, watu walioufahamu Ufunuo kwa Kilatini kuliko wengi wetu tunavyoufahamu kwa lugha yetu. Tena jambo hilo si la Aulnay peke yake. Huko Saintes, mwendo wa siku mbili kwa miguu kuelekea kusini, kwenye kanisa la watawa wa kike liitwalo Abbaye aux Dames, wazee wa Ufunuo ni 54. Basi sababu yafaa itafutwe mahali pengine, na mahali penyewe ni kazi ya mwashi.

Katika sehemu nyingine za Ufaransa, kwa mfano Autun na Vézelay huko Burgundia, mchongaji alipewa ukuta mpana wa jiwe wa nusu duara juu ya mlango, na hapo akamweka Kristu katika utukufu wake na umati wa watu wakimzunguka. Katika vijiji vya Poitou na Saintonge ukuta huo kwa kawaida haupo. Mlango ni uwazi mtupu, na juu yake yamepangwa matao mawili, matatu au manne, kila moja likilizidi lililo chini yake kwa ukubwa, kama duara za maji pale jiwe linapoanguka ziwani. Kila tao limeundwa kwa mawe yaliyokatwa mfano wa kabari. Fundi alichonga jiwe lake chini, likiwa bado mbele ya magoti yake, kisha likapandishwa na kubanwa kati ya wenzake. Jiwe moja, mtu mmoja. Tao la ndani ni fupi, la nje ni refu. Wazee wa Aulnay waliwekwa kwenye tao la tatu, na tao la tatu lilihitaji mawe 31. Nasadiki kwamba wakanoni walipokuja kutazama kazi hawakuona neno la kukemea. Mbinguni wazee ni 24. Kwenye mlango huo mawe yalikuwa 31, na hapakuwa na jiwe lililostahili kuachwa tupu.

Nimeanza na wazee hawa kwa sababu wanatuonya tusiharakishe. Makanisa ya namna hiyo katika nchi zile yanahesabiwa kwa mamia, na mengi ni ya vijiji vidogo ambavyo msafiri hupita bila kusimama. Wataalamu huyaita ya mtindo wa kiromani. Neno hilo si la wajenzi wenyewe. Lilibuniwa mwaka 1818 na Charles de Gerville, msomi wa Normandie, aliyeona kwamba kama Kifaransa kilivyotokana na Kilatini kilichoharibika, vivyo hivyo majengo hayo yalitokana na majengo ya Roma yaliyoharibika. Ni jina la kudharau kidogo, nalo limebaki hata baada ya dharau kwisha.

Neema ya kwanza ya nchi hiyo ni jiwe lenyewe. Saintonge na sehemu kubwa ya Poitou zimelala juu ya mawe meupe ya chokaa. Likitolewa machimboni, jiwe hilo ni laini, hulitii tindo karibu kama mti. Likikaa hewani, uso wake hukauka na kuwa mgumu. Machimbo ya Crazannes yako karibu na mto Charente, na mto ukayabeba mawe hayo kwa mashua bila gharama kubwa. Ukienda kaskazini, kwenye sehemu za Vendée zenye mawe magumu ya matale, michongo inapungua mara moja, ingawa imani ya watu ilikuwa ile ile.

Turudi mlangoni. Tao la kwanza, lililo karibu na vichwa vya wanaoingia, limejaa majani na wanyama wanaojipinda katikati yake. La pili lina mitume na watakatifu, kila mmoja na mduara wa nuru kichwani. La tatu ni la wazee wetu. Na chini ya matao hayo, upande ambao mtu huuona tu akisimama kizingitini na kuinua macho, wamechongwa watu wadogo wanaowabeba watakatifu kwa mikono na mabega yao. Hawana taji wala mduara wa nuru. Kisha tao la nne, kubwa kuliko yote, limekabidhiwa kwa viumbe ambao hutawakuta katika sura yoyote ya Injili: wanyama wa ajabu, nusu hiki na nusu kile, na kati yao punda ashikaye kinubi.

Sote tumesikia ikisemwa kwamba michongo na picha za makanisa ya kale zilikuwa Biblia ya maskini. Fikra hiyo ina mzizi wa heshima. Mwaka 600 hivi Papa Gregori Mkuu alimwandikia Sereno, askofu wa Marseille, aliyevunja picha katika makanisa yake kwa kuogopa kwamba watu watazisujudia. Papa alimsifu kwa kukataza ibada ya picha, akamkemea kwa kuzivunja, maana wasiojua kusoma huona ukutani kile ambacho wasomi hukisoma kitabuni. Mimi mwenyewe nimeyarudia mafundisho hayo mbele ya vijana, nami sijutii. Lakini nadhani ni nusu ya ukweli. Punda wa Aulnay hatoki katika Biblia. Mfano wa punda mbele ya kinubi ulikuwa methali ya Wayunani, nao Boesi, mwanafalsafa Mkristu aliyeuawa katika karne ya 6, aliutumia katika kitabu kilichosomwa sana monasterini: ni mtu asikiaye hekima na asiambulie kitu. Mkulima wa Aulnay hakumsoma Boesi. Aliona punda mwenye kinubi, akacheka. Padri au mkanoni akipenda, alimweleza maana. Mchongo haukuchukua nafasi ya neno. Uliliita neno lije.

Ndani ya kanisa hilo hilo, juu ya nguzo moja, kuna tembo watatu. Mchongaji, au aliyemwongoza, aliandika juu yao kwa Kilatini kwamba hawa ndio tembo. Sisi ambao tembo ni wa kwetu, kule Virunga, Garamba na Upemba, hatuwezi kuusoma uandishi huo bila tabasamu. Fundi hakuwahi kumwona tembo, na pengine alihofu kwamba watu hawatamtambua. Alimpata wapi, basi? Vitambaa vya hariri kutoka nchi za Mashariki vilifika Ulaya vikiwa na wanyama wa namna hiyo, navyo vilitumiwa kufungia masalia ya watakatifu. Kimoja maarufu, kilichofumwa Khorasan katika karne ya 10 na kutunzwa zamani katika kanisa la Saint-Josse kaskazini mwa Ufaransa, kiko leo katika jumba la Louvre, na juu yake wapo tembo. Hivyo kijiji cha wakulima wa Kifaransa kilipokea mnyama wa mbali kwa njia ya kitambaa kilichofumwa na Waislamu na kuheshimiwa na Wakristu.

Sasa nifikie jambo ambalo hasa limenifanya niandike.

Mashariki ya Aulnay, karibu na mji wa Civray, kuna magofu ya abasia ya Charroux. Umebaki mnara wenye pembe nane na kuta chache. Mahali hapo, mwaka 989, walikutana maaskofu wa Akwitania chini ya Gombaud, askofu mkuu wa Bordeaux. Nguvu ya mfalme ilikuwa haifiki huko. Kila mwenye ngome alikuwa na wapanda farasi wake, na wapanda farasi hao waliishi kwa kunyang'anya: nafaka, mifugo, watu wa kufanyishwa kazi kwa lazima. Msomaji wa Kivu au wa Ituri hahitaji kuelezwa zaidi. Maaskofu hawakuwa na askari wa kuwapinga. Walikuwa na masalia ya watakatifu, yaliyoletwa mbele ya umati wa watu, na walikuwa na neno la laana. Wakalitamka juu ya watu wa namna tatu: wanaovunja makanisa na kuiba mali yake, wanaowanyang'anya wakulima na maskini wengine kondoo, ng'ombe, punda, mbuzi au nguruwe, na wanaompiga mtu wa Kanisa asiye na silaha. Ndio mwanzo wa kile ambacho wanahistoria wanakiita Amani ya Mungu.

Ni jambo la kushangaza kwamba mtaguso wa maaskofu uliketi na kutaja mbuzi na nguruwe kwa majina. Lakini tusiupambe kuliko ulivyokuwa. Katika laana ile ya pili uliachwa mwanya: mnyang'anyi hakulaaniwa ikiwa mwenye mali alikuwa na kosa lake mwenyewe. Na nani angeamua kwamba mkulima ana kosa? Mara nyingi ni yule yule mwenye ngome. Vita vidogo vidogo havikukoma. Papa Urbano II alipopita huko mwaka 1096, akiadhimisha Pasaka Saintes na kubariki altare ya Mtakatifu Eutropi, alikuwa akihubiri kwamba silaha hizo zipelekwe Yerusalemu. Na dawa hiyo ilileta maafa mengine, kwa watu wengine.

Tukiwa na hayo moyoni, tuzunguke tufike mlango wa magharibi wa Aulnay, mlango mkuu. Hapa matao yana mpango mwingine. Watu hawakuchongwa mmoja kwa kila jiwe. Wamelala kwa urefu wakifuata mzunguko wa tao, warefu na wembamba. Katika tao la kwanza malaika wanamtukuza Mwanakondoo. Katika la tatu wako wanawali kumi wa Injili ya Mateo, wenye busara na taa zao wima, wapumbavu na taa zao zimepinduliwa. Katikati ya malaika na wanawali, katika tao la pili, wanasimama wanawake sita wenye silaha na ngao ndefu, na chini ya miguu ya kila mmoja analala shetani mwenye sura mbaya. Majina yao yameandikwa kwenye jiwe kwa Kilatini: Uvumilivu anaikanyaga Hasira, Usafi wa moyo anaukanyaga Uzinzi, Unyenyekevu anakikanyaga Kiburi, Ukarimu anaukanyaga Uchoyo, Imani anaikanyaga Ibada ya sanamu, na Mapatano anayakanyaga Mafarakano.

Habari ya vita hivyo vya fadhila na maovu inatoka kwa Prudensio, mshairi Mkristu wa Hispania aliyeishi mwishoni mwa karne ya 4, na vitabu vyake vilikuwa katika kila shule ya monasteri. Wachongaji wa nchi hiyo waliipenda kupita kiasi. Utaikuta tena Fenioux, Pont-l'Abbé-d'Arnoult, Argenton, na makanisa mengine mengi ya vijijini. Inajulikana pia kwingineko, ila si kwa wingi huo. Kwa nini hapa? Jibu langu ni la mtu anayetazama, wala si la mtaalamu. Bwana wa ngome alipofika kwenye Misa, aliteremka farasini mbele ya mlango huo. Akiinua macho, aliona ngao yake mwenyewe, ya urefu ule ule, mkononi mwa mwanamke anayeitwa Uvumilivu. Aliyelala chini, amekanyagwa, alikuwa Hasira. Mkulima aliyekuwa nyuma yake, ambaye ng'ombe wake huenda walichukuliwa mwaka uliopita, aliona mchongo ule ule. Wote wawili walipita chini ya jiwe moja. Sisemi kwamba bwana yule alirudisha ng'ombe. Nasema kwamba jambo hilo lilitamkwa hadharani, mahali ambapo hakuweza kuingia bila kulipita.

Lakini haki itendeke: mabwana nao walikuwa na sehemu yao juu ya milango. Huko Melle, mji uliokuwa na machimbo ya fedha tangu zama za wafalme wa Kikarolingi, kanisa la Mtakatifu Hilari lina mlango wa kaskazini, na juu ya mlango huo yuko mpanda farasi mkubwa aliyechongwa, na chini ya kwato za farasi ameketi mtu mdogo. Ni nani? Zamani hizo wapanda farasi wa namna hiyo walikuwa juu ya makanisa mengi ya Poitou na Saintonge. Iko hati ya karne ya 12 kutoka Abbaye aux Dames ya Saintes ambamo bwana mmoja anaomba azikwe chini ya Konstantino wa Roma, mahali palipokuwa upande wa kuume wa kanisa. Kwa hiyo watu wa wakati ule, walau wengine, walimwita Konstantino, mfalme wa kwanza aliyewapa Wakristu uhuru, naye mdogo aliye chini angekuwa upagani. Maelezo hayo yanatosha kwa mapadri. Hata hivyo sidhani kwamba mwenye ngome, aliyetoa fedha za ujenzi, alichukizwa kuona watu wakiinamisha vichwa na kuingia kanisani chini ya mpanda farasi anayemkanyaga mtu mdogo. Kilometa chache tu zinatenganisha mlango wa Melle na mlango wa Aulnay, na katika kimoja silaha zimekanyaga kiburi, katika kingine sina hakika.

Na fedha zenyewe? Katika miaka hiyo hiyo, mnamo mwaka 1125, Mtakatifu Bernardo wa Clairvaux alimwandikia rafiki yake Gulielmo, abate wa Saint-Thierry, maneno makali juu ya mapambo ya monasteri. Aliuliza nyani, simba wakali na viumbe nusu mtu wanatafuta nini mbele ya macho ya wamonaki wanaopaswa kusoma; na jambo lililomuumiza zaidi lilikuwa kuona kuta zikivikwa dhahabu wakati maskini wa Kanisa yuko uchi na ana njaa. Watetezi wa michongo husema mara moja kwamba aliwalenga wamonaki, si maparokia, nao wana haki: yeye mwenyewe alikubali kwamba maaskofu, walio na deni kwa wenye hekima na wasio na hekima, hulazimika kuiamsha ibada ya watu kwa vitu vinavyoonekana.

Udhuru huo ni wa kweli, lakini hauliondoi swali. Katika karne ya 11 na mwanzoni mwa karne ya 12, Kanisa lilipokuwa likijitengeneza upya kwa amri za Papa Gregori VII na waliomfuata, mabwana wengi walirudisha kwa abasia na kwa maaskofu makanisa na fungu la kumi ambayo baba zao waliyashika kama mali ya ukoo. Sehemu ya mali hiyo iligeuka kuwa mawe. Maana yake nafaka ya mkulima, iliyokuwa ikienda ngomeni, sasa ilikwenda kwa wamonaki au wakanoni, na kutoka kwao ikafika mkononi mwa mchongaji kama ujira. Mkulima hakuulizwa mara ya kwanza wala mara ya pili. Sisi tunaojua uzito wa mchango wa kujenga parokia, pale mama mwenye watoto sita anapofungua kitambaa chake, hatuwezi kuupita mlango wa Aulnay kama watalii.

Walau mkulima hakusahauliwa kabisa. Tao la nje la mlango wa magharibi, lililo juu ya wanawali, ni lake: alama za nyota za mwaka, na kazi za miezi. Ndivyo pia Fenioux na Civray. Katika michongo ya namna hiyo kuna mtu anayeota moto katika baridi, mwingine anakata matawi ya mzabibu, mwingine anavuna, anapura ngano, anakanyaga zabibu, anachinja nguruwe kabla ya Noeli. Hakuna muujiza hapo. Ni mwaka wa mtu wa kawaida, umewekwa kwenye mlango ule ule wenye Mwanakondoo na malaika. Ukizunguka nyuma ya altare, kwa mfano huko Rétaud, utawakuta wengine zaidi chini ya ukingo wa paa, kwenye vipande vya jiwe vinavyoubeba: vichwa vya watu na vya wanyama, wapiga muziki, walevi, wachezaji wanaojipindua, hata mambo ambayo ukurasa huu hautayataja. Wapo wanaosema kila kimoja ni fundisho juu ya dhambi. Nina shaka. Nadhani mafundi waliachiwa sehemu hiyo, nao wakajifurahisha.

Wachongaji hao hawakuwa mapadri, kadiri tunavyoweza kujua, na karibu wote wamekufa bila kutuachia majina. Wawili tunawajua. Huko Chauvigny, katika kanisa la Mtakatifu Petro, juu ya nguzo zinazoizunguka altare kuna mazimwi yanayomeza watu, na kati yao wamejuzi wanamwabudu Mtoto Yezu. Hapo yamechongwa maneno ya Kilatini yanayosema kwamba aliyeifanya kazi ni Gofridus. Na huko Foussais, kijiji cha Vendée, kwenye uso wa kanisa, mchongo unaoonyesha Bwana akiteremshwa msalabani una sahihi ya Giraud Audebert wa Saint-Jean-d'Angély. Alitaja na mji wake, kama mtu anayetaka apatikane akihitajiwa tena.

Mji huo, Saint-Jean-d'Angély, ulikuwa na abasia kubwa iliyodai kutunza kichwa cha Yohane Mbatizaji, na mahujaji wa kwenda Kompostela walipita hapo baada ya Poitiers na Aulnay. Abasia ya wakati wa Audebert haipo tena. Vita kati ya Wakatoliki na Waprotestanti vilipowaka katika karne ya 16, nchi hiyo iliumia kuliko nyingi. Mwaka 1562 Poitiers ilitekwa, na sanamu za kanisa la Notre-Dame la Grande zikakatwa vichwa. Vichwa hivyo havijarudi. Mapinduzi yaliongeza ya kwake, na hata baada ya Mapinduzi, mwaka 1803, sehemu ya mbele ya kanisa la Mtakatifu Eutropi, ambalo Papa Urbano alilibariki, ilibomolewa kwa sababu ilionekana mbovu.

Ndugu zetu wa Legio Mariae watapenda kujua kwamba Mtakatifu Louis-Marie Grignion de Montfort, ambaye maandiko yake wanayatafakari, alizijua njia hizo kwa miguu yake. Alifika Poitiers mwaka 1701 kuwahudumia maskini wa hospitali. Hapo akaanzisha pamoja na Marie-Louise Trichet shirika la Mabinti wa Hekima. Katika misioni zake aliwakusanya waamini watengeneze makanisa yaliyoachwa, na mojawapo ni nyumba ya kale ya ubatizo ya Mtakatifu Yohane, huko huko Poitiers. Alifariki mwaka 1716 katika kijiji cha Saint-Laurent-sur-Sèvre, akiwa katikati ya misioni.

Aliyeyaokoa mawe kwa mkono wa serikali ni mtu asiyekuwa na imani: Prosper Mérimée, mwandishi wa riwaya, aliyefanywa mkaguzi wa majengo ya kale mwaka 1834 na kuizunguka Ufaransa ya magharibi akiandika alichokiona. Kanisa la Aulnay liliingizwa katika orodha ya kwanza ya majengo yaliyolindwa, mwaka 1840. Mwaka 1998 UNESCO ililiweka kati ya makanisa ya njia za Kompostela. Baada ya sheria ya mwaka 1905 iliyotenga Kanisa na serikali, makanisa ya parokia yaliyokuwapo tayari yalibaki mali ya wilaya ndogo za vijiji. Huko Poitiers adui alikuwa mwingine: kwa muda mrefu wauza chumvi walikuwa na vibanda vyao ubavuni mwa Notre-Dame, chumvi ikapanda ndani ya jiwe na kulifanya lichubuke kama ngozi, mpaka matengenezo makubwa ya miaka ya 1990.

Poitiers ni mji, una fedha. Katika vijiji, ambako padri mmoja ana makanisa mengi na Misa huadhimishwa kwa zamu, ni baraza la kijiji linalopaswa kuamua juu ya kigae kilichovunjika na maji yanayoteremka nyuma ya tao. Si vigumu kuwaza wanayosemezana katika vikao hivyo, wakulima na wastaafu wachache mezani, wengi wao wasioingia tena kanisani ila kwa mazishi: fedha za mwaka huu ziende kwenye paa, au kwenye shule?